Kuku Aliyefunikwa Skonzi Mbele ya Wakwe

Nilikidharau chakula hicho kabla sijakionja, na baada ya kukionja nikakidharau kwa sababu bora zaidi. Dada yangu alikiita kaseroli. Ni kuku aliyechemshwa, akanyofolewa mifupa yote, akachanganywa na mchuzi mzito wa maziwa na unga, karoti na minji, kisha akafunikwa kwa madonge ya unga wa ngano mfano wa skonzi. Chombo kizima huingizwa ndani ya oveni mpaka juu pawe pa rangi ya kahawia. Ukikitazama chakula hicho mezani, kuku humwoni. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na sikuhitaji kitabu ili kuligundua, ingawa vitabu nimesoma.

Kazi yangu ni kutengeneza friji na majiko ya umeme hapa Kisumu. Shule niliiacha mapema. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba, na baadaye kwa simu, na ndivyo nilivyojifunza kupika mke wangu alipofariki akaniachia binti mmoja mdogo. Sikupika kwa kubahatisha. Nilinunua mizani, nikanunua kipimajoto cha oveni, kwa maana najua vizuri kuliko watu wengi jinsi namba za joto kwenye oveni zinavyosema uongo. Binti yangu alikula chakula changu tangu shule ya msingi hadi alipoajiriwa kufundisha kule Maseno.

Huko Maseno ndiko alikopata mchumba, mwalimu mwenzake anayetoka upande wa Vihiga. Kijana mwenyewe sina neno naye. Neno lilikuwa juu ya baba yake.

Baba huyo alituma ujumbe kwamba angekuja kwangu mara moja tu, yeye na mkewe pamoja na wazee wawili wa ukoo wake, ale, atazame, kisha atoe jawabu lake papo hapo mezani. Kijana aliniambia bila kuficha kwamba jawabu likiwa la kukataa, hataoa. Hakuwa mtu wa kumkimbia baba yake. Akanieleza pia kilichomharibia kaka yake. Kwao, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi humwendea mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Wanawake hawaionji. Kule kwa wakwe wa huyo kaka, mzee aliletewa paja, kifua na shingo, lakini firigisi hakuiona.

"Hakusema kitu, Baba," kijana aliniambia. "Aliweka kijiko chini, akaomba maji ya kunawa. Tukajua imeisha."

"Kwa sababu ya firigisi."

"Kwa sababu ya firigisi."

Nilimwona mzee huyo mpumbavu hata kabla hatujasalimiana. Mtu aliyesomesha watoto, anayesimama mbele ya kanisa kila Jumapili, anaupima ukoo mzima kwa kinyama kisichojaza kiganja cha mkono. Kwetu pia firigisi ni ya mwenye nyumba, lakini sijasikia mtu wetu akivunja ndoa kwa ajili yake. Nilimwambia binti yangu hivyo hivyo. Alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi mezani pangu, na hakuinua uso.

"Mdharau, Baba," alisema. "Mdharau vile unataka. Lakini ukiwa peke yako. Huyo unamwona mjinga, mimi ndiye nitamwita baba."

"Na ukikosa huyu, wanaume wamekwisha?"

Sasa aliinua uso. "Kwangu wamekwisha," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

Basi nikafanya ninachojua kufanya, nikapanga. Nilikwenda soko la Kibuye nikachagua majogoo wa kienyeji, nikawapapasa kifua mmoja mmoja huku muuzaji akinicheka kwamba naoa kuku. Niliamua wachemshwe polepole, wakaangwe na kitunguu na nyanya, waletwe mezani na viungo vyao vyote vikionekana, firigisi juu kabisa ambapo hata kipofu angeigusa. Na ugali. Mpango huo haukuwa na mahali ambapo mtu mwenye akili angeweza kuteleza.

Lakini jiko halikuwa langu siku hiyo. Desturi yetu hairuhusu baba wa msichana kuonekana jikoni wakwe wanapokuja. Hukaa sebuleni na koti lake, anangoja kuletewa, kana kwamba hajui maji huchemshwa wapi. Mama wa msichana akiwa hayupo, jiko huwa la shangazi yake. Miaka yote niliyompikia mtoto huyo haikuhesabika. Nilitolewa jikoni mwangu na dada yangu, ambaye hajawahi kupika wali usioshika chini ya sufuria.

Dada yangu amenitangulia kuzaliwa na halisahau jambo hilo. Alifanya kazi Nairobi katika nyumba za wageni wa kizungu, akarudi na simu kubwa na dharau kubwa zaidi kwa kila kinacholiwa magharibi ya Naivasha. Alikuja na mapishi yake kwenye simu, mwanamke fulani mwenye jiko jeupe akitabasamu na kumwaga vitu kutoka kwenye mabakuli ambayo mtu mwingine amempimia.

"Owadwa," aliniambia, neno letu la kumwita ndugu, ambalo hulitumia anapotaka kupora kitu. "Hawa watu wamekula kuku tangu wazaliwe. Kuku wa mchuzi wanaye kwao. Unataka waende wakisema wamekula nini?"

"Nataka waende wakisema ndiyo."

"Watasema. Wataona msichana ametoka nyumba iliyoendelea."

"Yule mzee anataka firigisi."

"Hao wazee wa zamani! Sawa, sawa. Firigisi nitaishughulikia."

Neno hilo, nitaishughulikia, lilipaswa kunishtua. Watu wa aina yake hulitumia pale wasipokuwa na mpango wowote. Nilimuuliza binti yangu anaonaje, naye alisema tu kwamba shangazi ndiye mwenye jiko, na kwamba kumwudhi shangazi wiki ya wakwe ni kujitafutia maneno yatakayofika mpaka Sondu.

Nilifanya jambo moja lililobaki. Jumamosi iliyotangulia nilikipika chakula hicho mwenyewe, peke yangu, nikifuata maelekezo ya mwanamke yule wa simu neno kwa neno. Alisema kuku huiva kwa muda wa kunywa chai mbili. Labda kuku wake, aliyefugwa gizani akalishwa mpaka hawezi kusimama. Jogoo wangu wa Kibuye baada ya muda huo alikuwa bado anaweza kupigana. Nilimwacha motoni hadi nyama ikaachia mfupa. Halafu nikamimina mchuzi, nikapanga skonzi juu, nikaoka. Zilitoka nzuri sana kwa macho. Nilipofungua moja, upande wake wa chini ulikuwa unga mbichi, gundi tupu, kwa kuwa mchuzi ulikuwa umepoa na joto la oveni lilikuja kutoka juu tu. Mara ya pili nilichemsha mchuzi kwanza, nikaweka unga juu yake ukiwa bado unatokota, na skonzi zikaiva chini kwa juu.

Sasa nilikuwa najua kasoro zote mbili na dawa zake. Chakula chenyewe bado kilikuwa cha kipuuzi. Ladha yake ilikuwa ya maziwa, kama uji wa mgonjwa ambao kuku amepita karibu yake. Nyama haikuwa na kazi yoyote ya kufanya mdomoni. Anayemwondoa kuku mifupa amemwondoa na adabu, kwa maana huwezi tena kujua nani amepewa nini. Lakini nilimpigia dada yangu simu nikamweleza kuhusu mchuzi kuwa moto.

"Wewe umepika friji ngapi?" aliuliza.

"Mchuzi uwe unatokota kabla hujaweka unga. Hilo tu."

"Tengeneza friji, owadwa. Kila mtu na kwake."

Siku yenyewe ilikuwa na joto lile zito la kabla ya mvua, ziwa limetulia na nzi wote wa mtaa wamehamia kwangu. Wakwe waliingia baada ya ibada. Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia aliyoivua kwa uangalifu akaiweka juu ya goti lake, akiitazama mara kwa mara kana kwamba ingeibiwa. Mkewe alikuwa mnene, mwenye pumzi fupi, na aliketi karibu na mlango ili apate hewa. Wazee wawili walikuja kama mashahidi tu. Sikumbuki kama walisema zaidi ya amina. Kijana alikaa pembeni, mikono katikati ya magoti.

Nilikaa na koti langu nikisikiliza jiko. Mtu anayejua kupika husikia mengi kupitia ukuta. Nilisikia oveni ikifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa, kila mara joto likikimbia. Nilisikia kisu kikigonga ubao haraka haraka kwa muda mrefu, nikashangaa, maana kazi ya vitunguu ilikuwa imekwisha. Sauti ya mchuzi ukitokota sikuisikia hata kidogo.

Ombi moja dada yangu alikuwa amenikubalia, na kwa kulinung'unikia: ugali. Aliona kwamba skonzi zinatosha, kwamba unga juu ya unga ni ushamba. Nilimwambia ugali usipokuwepo hakutakuwa na mtu aliyekula, sisi wala wao. Kwa hiyo ugali uliingia kwanza, mweupe, ukitoa mvuke, na Mzee akaukubali kwa kichwa. Kisha ikaingia kaseroli kwenye chombo cha kioo, na dada yangu nyuma yake kama askofu.

Mzee aliinama akatazama. Akazungusha chombo kidogo kwa kidole.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni kuku, Mzee. Karibu."

"Kuku iko wapi?"

"Iko chini."

"Imefanya nini ikajificha?"

Mkewe alicheka, akafunika mdomo kwa leso. Dada yangu alieleza kwamba ndivyo kuku anavyopikwa siku hizi, akaanza kupakua. Kijiko kilipozama kwenye skonzi kilitoka na ule unga mbichi niliomwonya juu yake, ukining'inia. Mzee aliugusa kwa ncha ya uma.

"Hii chapati imelala nje kwa mvua?"

"Ni laini, Mzee. Ndivyo inatakiwa."

Nilitazama ukuta. Nilikuwa na majibu kadhaa, yote sahihi, na nikayameza. Kutoka pale nilipoketi nilimwona binti yangu kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi nusu, amesimama na jagi la maji mikononi, hajui aingie au abaki.

Mzee alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi ule wa maziwa, akala. Akala la pili. Halafu akachukua kijiko akaanza kutafuta. Alisukuma minji upande, akasukuma karoti, akainua vipande vya nyama kimoja kimoja akavitazama na kuvirudisha. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayetafuta ufunguo ambao ana hakika aliuacha hapo. Kijana alikuwa ameacha kula. Hata wale wazee wawili waliweka mikono chini, maana walijua kinachotafutwa.

"Baba wa msichana," Mzee aliniambia hatimaye, kwa upole. "Kuku wenu hapa ni wazima?"

"Ni wazima, Mzee. Niliwachagua mimi mwenyewe."

"Wana kila kitu ndani?"

"Kila kitu."

Akaweka kijiko chini.

Nilimgeukia dada yangu. Nadhani uso wangu ulisema vya kutosha, kwa kuwa alijibu kabla sijauliza. "Imo, Mzee! Firigisi imo. Nimezikatakata zote ndogo ndogo, nikaweka kwa mchuzi ndio zilete utamu. Kila mtu amepata."

Alisema hivyo kwa fahari. Alitazama huku na huku akingoja kushukuriwa. Nimeishi na ujinga wa aina nyingi na nimetengeneza mashine zilizoharibiwa na wajinga wa kila daraja, lakini sijawahi kuona mtu akiwa amesimama katikati ya moto aliouwasha mwenyewe akiuliza kama chumba kina joto la kutosha. Kisu kile nilichokisikia kikigonga ubao kilikuwa kikikata ndoa ya binti yangu vipande vidogo vidogo.

"Kila mtu?" Mzee aliuliza.

"Kila mtu, Mzee."

Macho yote yalimwendea mkewe pale mlangoni. Alikuwa na sahani tupu mapajani na kijiko mkononi. Alikuwa amekula haraka kuliko sisi sote.

"Umekula firigisi," Mzee alimwambia.

"Nimesikia hivyo."

"Mbele ya watu."

"Ningejua nitafute kichaka?"

Mmoja wa wale wazee alikohoa. Mzee alichukua kofia kutoka kwenye goti. "Maji ya kunawa," alisema.

Binti yangu aliingia na jagi na beseni. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuingia navyo. Alipiga goti mbele ya mzee, beseni mkono mmoja na jagi mkono mwingine, na maji yalianza kumwagika kwenye sakafu kabla mzee hajanyosha mikono. Nilijua kwamba mikono hiyo ikishalowa, mambo yamekwisha, na hakuna elimu yangu yoyote iliyokuwa na sura juu ya jambo hilo.

"Ngoja, mtoto," mama yule alisema kutoka mlangoni. "Usimpe maji."

Aliinuka kwa taabu, akaja mpaka mezani na sahani yake, akajipakulia tena, mwenyewe, bila kuombwa, sehemu ya katikati penye mchuzi mwingi. Akabaki amesimama. Alitafuta kwa kijiko mpaka akapata kipunje cheusi, akakiweka ulimini, akatafuna taratibu huku sote tukimtazama.

"Baba," alimwambia mumewe, "tangu unioe nimekuoshea hii kitu. Nimeipasua, nimetoa mchanga, nimeitoa ngozi, nimekuwekea juu ya sahani. Siku watoto wanalia njaa nilikuwekea. Hata kulamba kidole sikuwahi. Nilikuwa nafikiria ni kitu kubwa sana."

"Kaa chini, Mama."

"Ni hii tu? Ngumu ngumu hivi? Ni hii mlikuwa mnatuficha?"

Kijana alitoa sauti ndogo, nusu kicheko nusu woga. Mzee hakumtazama.

"Ukoo umetukanwa," alisema.

"Ukoo haujatukanwa. Huyu mama hajui kupika, basi. Unga ni mbichi, kuku amegeuzwa uji wa hospitali. Pole, dada yangu, lakini ni ukweli." Dada yangu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kuutumia. "Sasa wewe unataka nikose mkwe kwa sababu shangazi yake hajui kupika? Atakuwa anatupikia shangazi? Msichana huyu nimemwona akipiga goti. Nimemwona kule Maseno nikiwa mgonjwa, akinibebea begi na hajui mimi ni nani. Wewe nawa ukitaka. Mimi nimesema ninamtaka."

Sikuwa na habari ya begi hilo. Binti yangu pia hakuwa nayo, nikiamini uso wake.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kwa namna ya kuchosha. Mzee alitazama maji, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa bado amesimama na bado anatafuna. Aliwatazama wazee wake wawili, mashahidi walioletwa kutoka Vihiga kuja kushuhudia, nao waligundua kwamba ukuta wangu una kalenda ya kuvutia. Niliona wazi kilichokuwa kikimsumbua. Akinawa, angerudi Vihiga kama mtu aliyeshindana na mkewe mbele ya wakwe kwa sababu ya kipunje cha nyama, na huyo mke angelisimulia jambo hilo kanisani kwa muda wote uliobaki wa maisha yake. Sikumhurumia. Ukiweka heshima yako yote ndani ya tumbo la kuku, siku moja mtu atakuja na kisu.

Aliirudisha kofia kwenye goti. Akavuta sahani ya ugali karibu, akakata tonge kubwa, akalizamisha kwenye ule uji wa hospitali.

"Ng'ombe," alisema akitafuna, bila kumtazama mtu yeyote, "tutaleta baada ya mavuno. Sasa hivi njia ya kwetu ina matope."

"Hakuna haraka, Mzee," nilijibu.

Binti yangu alisimama akarudi jikoni na maji yake, akitembea wima, polepole, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Alifunga mlango nyuma yake. Halafu tukasikia jagi na beseni vikianguka sakafuni na maji yote yakimwagika na kupita chini ya mlango, na mama mkwe wake, bila kuacha kula, akasogeza miguu yake ili isilowe.